Daktari Hana Mdomo

Siku ya kupelekwa ukweni kwa mara ya kwanza, Kinyundo alichelewa.

Si kwamba alikuwa akijipodoa. Asubuhi ile ya Jumapili kijana mmoja alifikishwa wodini akiwa na kifafa kisichokatika, na madaktari wanafunzi waliokuwa zamu walimpigia simu mwalimu wao. Akaja na gauni lake la maua, akalivalia koti jeupe juu, akasimama kando ya kitanda mpaka mwili wa yule kijana ukalegea na pumzi zikarudi kwenye mwendo wake. Hata hapo hakuondoka. Aliwageukia wanafunzi akawauliza dawa ya kwanza ni ipi, na ikigoma inafuata ipi, na kwa nini. Mmoja akajibu vibaya. Akamweleza upya, taratibu, kama vile hakuna mtu anayemsubiri popote.

Mchumba wake alikuwa garini, kwenye maegesho ya hospitali, ameegemea usukani.

"Umekuja na viatu vya wodini," alimwambia alipofungua mlango.

Kinyundo akatazama miguu yake. Kweli, alikuwa amevaa ndara za plastiki za kijani. "Nirudi nikabadilishe?"

"Ukirudi humo ndani hutoki tena leo. Panda twende. Mama ataangalia uso, hataangalia miguu."

"Wewe humjui mama yako," alisema Kinyundo, wakacheka wote wawili, na gari likaondoka.

Jina hilo alipewa na wanafunzi, kwa sababu ya kile kinyundo cha mpira cha kugongea magoti ya wagonjwa, ambacho hakikosekani mfukoni mwake. Alikuwa daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Asubuhi aliwatibu watu hospitalini, alasiri alifundisha chuo kikuu, ng'ambo ya barabara. Kazi hiyo aliichagua akiwa bado mwanafunzi, siku alipomwona profesa wake mzee akimtazama mgonjwa anatembea tu, kutoka mlangoni hadi kwenye kiti, kisha akautaja ugonjwa wake kabla mgonjwa hajafungua kinywa. Siku ile Kinyundo alijisemea moyoni: na mimi nataka macho kama hayo. Alisoma mbali, akasoma sana, akarudi akiwa na macho hayo, na nywele za kwanza za mvi.

Wachumba walikuja na kwenda. Wa kwanza alitaka aache kufundisha. Wa pili alitaka aache hospitali. Wa tatu hakumtaka aache chochote, ila mwenyewe ndiye aliyeacha. Kufikia miaka thelathini na tisa alikuwa ameshazoea kula chakula cha jioni na vitabu.

Ndipo lifti ya hospitali ikaharibika. Wagonjwa wake, watu wasioweza kutembea, wakawa wanabebwa mgongoni kupanda ngazi. Alishuka chini kwa hasira kumtafuta fundi, akamkuta amelala chali ndani ya shimo la lifti, uso umejaa grisi. Akamfokea mpaka akaishiwa maneno. Fundi akatoka shimoni, akajipangusa, akasema, "Daktari, una haki. Nami nina haki pia. Kifaa nilikiomba mwezi uliopita. Ukiwa na hasira iliyobaki, twende wote kwa mkuu wa vifaa, mimi wamenizoea." Walikwenda. Kifaa kikapatikana wiki ile ile. Kilichofuata baada ya hapo hakikuhusu lifti tena.

Sasa walikuwa wamesimama mlangoni kwa mama yake fundi.

Mama alikuwa mshonaji wa magauni ya maharusi. Nusu ya wanawake wa mtaa ule waliolewa ndani ya nguo zilizotoka mikononi mwake. Alikuwa mjane, mrefu, mnyoofu, na alipotoka chumbani kuja sebuleni kumpokea mgeni, Kinyundo alimtazama anavyotembea. Hakukusudia. Ni mazoea tu. Mkono wa kushoto ulikuwa unapunga kama wa mtu yeyote. Wa kulia ulikuwa umeganda ubavuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu. Tulidhani hamji tena."

Akaketi, akaufunika mkono wa kulia kwa mtandio wake. Uso wake haukuonyesha lolote, si furaha wala hasira. Dada mkubwa wa fundi, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, alileta maji ya kunawa huku akijaza chumba kwa soga.

Walipokuwa wakila, mama akaanza.

"Mwanangu kaniambia una kazi mbili."

"Ndiyo, mama. Hospitali na chuo kikuu."

"Mwanamke wa kazi mbili hana nyumba hata moja."

"Mama," fundi akasema, "hilo tulishaliongea."

"Wewe uliliongea. Mimi nilikuwa nasikiliza." Akamgeukia tena mgeni. "Mtoto akiugua, nani atakaa naye?"

"Atakayekuwa karibu, mama. Na mimi nikiwa mbali nitakimbia."

"Kwa viatu hivyo?"

Dada akaangua kicheko. Fundi naye akacheka. Kinyundo mwenyewe alicheka, maana ulikuwa utani mzuri. Mama peke yake ndiye hakucheka. Kope zake hazikupepesa. Uso wake ulitulia kama ukuta uliopakwa rangi jana.

Ghafla dada akaruka kitini. "Lo! Kinaungua!" Akakimbilia jikoni, na Kinyundo akamfuata kumsaidia. Moshi ulikuwa umetanda juu ya sufuria. "Mama, umekaa hapo mlangoni kabisa, hukusikia harufu?"

"Sikusikia," mama alijibu kutoka sebuleni.

Dada akashusha sauti. "Wifi yangu, usimtie moyoni. Tangu baba atutoke, mama amebadilika. Zamani akicheka, nyumba ya tatu wanasikia. Siku hizi amenuna tu, asubuhi hadi jioni. Hata wajukuu wanamwogopa."

Kinyundo alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia sufuria, na hakukitumia. Mkono usiopunga. Pua isiyosikia harufu. Uso usiocheka. Alitamani kwa moyo wake wote asijue alichokijua. Leo alikuja kama mchumba, na mchumba haendi ukweni kumtia mama mtu ugonjwa.

Baada ya chakula mama aliinuka. "Njoo nikuonyeshe chumba changu cha kazi," alimwambia Kinyundo. Fundi alipotaka kuwafuata, akamzuia kwa jicho.

Kilikuwa chumba kidogo chenye dirisha kubwa. Cherehani ilikuwa imefunikwa. Gauni jeupe lilining'inia ukutani, mkono mmoja umeshonwa, wa pili umeshikizwa kwa pini. Mama akafunga mlango.

"Mimi sipendi kuzunguka," alisema. "Sikutaki. Si kwa ubaya. Nimekuona, una akili, una adabu, mwanangu anakupenda hadi anatia aibu. Lakini sikutaki. Nilitaka nikuambie mimi mwenyewe, usisikie kwa watu."

Kinyundo angeweza kuinama, kuaga, kuondoka. Badala yake alisema, "Mama, nimekusikia. Kabla sijatoka, naomba nikuulize swali moja. Mkono wa kulia ulianza lini?"

"Mkono gani?"

"Huo uliouficha."

Mama akasimama wima. "Umekuja kuolewa au umekuja kunipima?"

"Nimekuja kuolewa. Lakini macho yangu sikuyaacha hospitali, mama. Ningeweza ningeyaacha."

Mama akaketi polepole kwenye kigoda cha cherehani, akautoa mkono chini ya mtandio, akauweka pajani. Kidole gumba kilikuwa kinacheza juu ya cha shahada, taratibu, kama mtu anayeviringisha punje asiyoiona.

"Mwaka jana," alisema. "Nilidhani ni huzuni. Kisha nikadhani ni uzee. Siku hizi uzi hauingii kwenye sindano. Gauni hilo unaloliona limenishinda. Nawaambia wateja kwamba nimechoka."

"Nani anajua?"

"Mungu. Na sasa wewe."

Kinyundo akachuchumaa mbele yake. "Siwezi kutaja ugonjwa bila kukupima vizuri. Lakini ninaoufikiria una dawa. Hauondoki, ila dawa zinaurudisha nyuma, na mtu anaishi nao miaka mingi. Hata huo uso..."

"Uso umefanya nini?"

"Misuli yake imekuwa mizito. Watu wanadhani umenuna."

Machozi yakaanza kumtoka mama bila uso kubadilika hata kidogo, na hilo lilimuumiza Kinyundo kuliko kilio chochote alichowahi kukisikia.

"Juzi mjukuu wangu aliniletea picha aliyoichora," mama alisema. "Nilicheka, binti yangu. Nilicheka kweli kweli. Akaniuliza, bibi, mbona umekasirika?" Akajifuta kwa mkono wa kushoto. Alipoanza tena kusema, sauti ilikuwa imekaza. "Haya uliyoniambia, umesema kama mkwe au kama daktari?"

"Kama daktari."

"Basi daktari hana mdomo. Mwanangu asijue. Wala binti yangu."

"Sitasema. Lakini uje kliniki."

"Nitakuja siku nitakayotaka mwenyewe. Na kuhusu mwanangu, jibu langu ni lile lile."

Kesho yake mchana fundi alipanda hadi ofisini kwa Kinyundo. Hakuketi.

"Mama kasema hapana," alisema. "Nikamuuliza kwa nini, akasema basi tu. Alipoingia nawe chumbani alikuwa mkavu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Sijamwona mama analia tangu tulipomzika baba. Ulimwambia nini?"

"Siwezi kukuambia."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi."

"Alikutukana? Ulimtukana?"

"Hakuna aliyemtukana mwenzake. Muulize mama."

"Nimemuuliza! Mama ananiambia nikuulize wewe, wewe unaniambia nimuulize mama. Mimi ni mpira?" Alipiga hatua hadi dirishani, akarudi. Mikono yake, iliyozoea vyuma, haikujua pa kukaa. "Nilitaka nikamwambie kwamba nakuoa hata kama hataki. Nilijiandaa kabisa. Lakini siwezi kumwambia mama yangu hivyo kwa ajili ya mtu aliyemliza na hataki kuniambia sababu. Nipe neno moja tu nishike."

Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lilikuwa jepesi, na lingemaliza kila kitu. Kinyundo alimtazama mwanamume aliyempenda, akaliona neno lile jinsi lingemkimbiza mpaka kwa mama yake, na mama akikaa kwenye kigoda chake, akijua kwamba yule daktari hakuweza hata kutunza siri mpaka kesho yake.

"Sina neno la kukupa," alisema.

Fundi akatikisa kichwa. "Wasomi mna namna yenu ya kumfungia mtu mlango usoni, na mlango wenyewe hauonekani." Akatoka. Hakuubamiza mlango. Afadhali angeubamiza.

Kazi haikumsubiri Kinyundo apone. Aliendelea na raundi za wodi, akasahihisha mitihani, akafundisha. Katikati ya mhadhara kuhusu mishipa ya uso, aliwaambia wanafunzi kwamba kuna wagonjwa wanaoonekana hawana hisia kumbe wanazo zote, zimekosa tu njia ya kutokea. Kisha akawa anaitafuta chaki aliyokuwa ameishika. Wanafunzi wakatazamana. Kila mlango wa lifti ulipofunguka, moyo ulimlipuka. Alikuwa anatoka fundi mwingine. Wa kwake alikuwa ameomba kuhamishiwa jengo la akina mama wajawazito.

Daktari mwenzake, bingwa wa pili wa idara, mzee mpole wa miwani minene, alimwambia, "Umekonda."

"Kazi nyingi."

"Kazi zilikuwa nyingi hata ulipokuwa mnene," alijibu mzee yule, na hakuuliza zaidi.

Wakati mwingine alijiambia kwamba amefanya sawa. Ilikuwa kweli, na haikumsaidia kitu.

Mama alikuja siku ya kliniki, mwezi ukiwa umekwisha pita. Kinyundo aliinua kichwa kumwita mgonjwa anayefuata, akamwona anaingia, mrefu, mnyoofu, mkono umeganda ubavuni, hatua fupi kuliko za siku ile. Wanafunzi wanne walikuwa wamekaa ukutani na madaftari yao.

"Shikamoo, mama. Hawa ni wanafunzi wangu. Nikiwaambia watoke, watatoka."

Mama akawatazama mmoja mmoja. "Wakae. Mimi nimefundisha wasichana wengi kushona. Hakuna aliyejifunza kwa kusimuliwa."

Basi Kinyundo akampima mbele yao. Alimwomba agonganishe gumba na shahada, haraka haraka, na mkono wa kulia ulianza vizuri, ukapungua, ukazimika. Alimkunja na kumkunjua kiwiko. Alimtembeza hadi dirishani na kumrudisha. Kisha akawatoa wanafunzi, akavuta kiti karibu, akamwambia jina la ugonjwa, Parkinson, na yote yanayoambatana nalo: vidonge, mazoezi, mambo yatakayorudi na yasiyorudi. Hakupamba. Mama alisikiliza bila kumkatiza.

"Nitashona?"

"Dawa zikikukubali, utashona. Si kama zamani. Lakini utashona."

"Hukumwambia mwanangu."

"Sikumwambia."

"Alikuja kwako akafoka, nilijua atakuja. Nilikaa nikisubiri arudi anipigie magoti aseme, mama, kumbe unaumwa. Siku zikapita. Hakurudi na neno." Mama akavuta pumzi. "Sasa nikuambie kwa nini nilikukataa. Si kazi mbili. Nilijua nina jambo mwilini. Nikajisemea, huyu akiolewa humu, ataolewa na mimi pia. Atatoka kuuguza watu mchana aje aniuguze mimi jioni. Mtoto wa watu ana kosa gani?"

Kinyundo alishindwa kujizuia, akacheka huku macho yamelowa. "Mama, mimi nikuuguze? Umeshasema mwenyewe sina nyumba hata moja. Nitapata wapi muda?"

Sauti ndogo ilitoka kooni mwa mama. Uso haukusogea, lakini mabega yalikuwa yanatikisika, na Kinyundo alijua anachokiona.

"Kuanzia leo utatibiwa na mwenzangu," alisema, akiandika jina la yule mzee wa miwani kwenye faili. "Ananizidi uzoefu."

"Kwa nini si wewe?"

"Daktari hatakiwi kumtibu mama mkwe."

"Nani kasema nimekubali?"

"Hakuna. Naandaa mapema."

Mama akasimama, akajitengeneza mtandio, mkono wa kulia ukiwa wazi mara hii. "Yuko nje, kwenye benchi. Nimemdanganya nina maumivu ya bega. Naenda kumwambia mimi mwenyewe. Baada ya hapo ni juu yenu, mimi siyo mshenga."

Alasiri, Kinyundo alivuka barabara kwenda chuoni. Fundi alikuwa amesimama kwenye ngazi za ukumbi wa mihadhara, bado na ovaroli lake. Macho yalikuwa mazito. Wanafunzi waliwapita kushoto na kulia.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Nikasimama mbele yako ofisini, nikakuambia maneno yale, na ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

"Nimemwita mama mnunaji mwaka mzima. Tumemwita wote. Ungeniambia wewe, nisingepoteza mwezi mwingine."

"Ningekuambia, mama asingekuja leo. Pengine asingekuja kabisa." Kinyundo alikumbatia vitabu vyake. Alikuwa ameyafikiria maneno haya njiani, na sasa aliyasema bila kuyapunguza. "Nisikilize. Hii haitakuwa mara ya mwisho. Nitajua mambo ya jirani yako, ya bosi wako, labda ya dada yako. Nitakaa nayo mezani, nitakula nawe, na sitasema. Ukinioa, ndivyo itakavyokuwa mpaka nistaafu. Kama huwezi, niambie leo. Nitalia, lakini nitakuelewa."

Ukumbini kengele ililia.

"Nina hasira," fundi alisema. "Nina hasira na wewe, na mama, na mimi mwenyewe zaidi. Sitakudanganya kwamba zimekwisha."

"Sikuombi uziondoe."

"Zitakuja kwisha. Ila nataka ziishie nyumbani kwetu. Mimi na wewe, tukinuniana kwenye meza moja, mpaka mmoja achoke." Akainua macho. "Kwa mama sitaki kukaa nazo, na peke yangu nimejaribu. Nimeshindwa."

Kinyundo akapanda ngazi iliyobaki kati yao. Hakujali ni nani anapita. Aliweka kiganja chake shavuni mwa fundi, pale penye alama ya grisi, na fundi akaufunika mkono ule kwa mkono wake, wakabaki hivyo mpaka mwanafunzi mmoja akakohoa nyuma yao.

"Mwalimu, tuingie?"

"Ingieni. Nakuja."

"Nenda," fundi alisema. "Nitakusubiri."

"Ni saa mbili nzima. Nafundisha uti wa mgongo."

"Nimesema nitakusubiri."

Fundi aliingia naye, akakaa kiti cha nyuma kabisa, akaweka mikono yake mikubwa juu ya kimeza kidogo cha mwanafunzi. Hakuelewa hata sehemu moja ya kumi ya yaliyosemwa siku ile. Alikaa mpaka mwisho.